Dawa za Nywele za Bertilla

Jumapili, 10 Novemba 1974

Mwalimu wa darasa la jioni anasema sisi wazee tuliosoma kwa mapadri madarasa mawili tukafukuzwa kwa utundu, tusipoandika mara kwa mara herufi zitatutoroka kama kuku mgeni. Basi naandika mimi, Zenon wa Izia. Habari kubwa sina. Padri leo amehubiri mpaka mishumaa ikachoka, na mke wangu Josefina ameninunia kwa sababu nilikoroma.

Baada ya Misa Josefina aliketi kumsuka binti yetu Bertilla. Mara akanyamaza. Huyu mwanamke akinyamaza ujue pana jambo, nikaenda kuchungulia. Juu ya sikio la kushoto pana duara tupu, ngozi inang'aa kama tako la mtoto. Nikasema, "Panya kala." Bertilla akacheka. Mama yake hakucheka.

Bertilla ndiye aliyebaki nyumbani, wenzake wote wameolewa. Naye amechumbiwa na Beda wa Pito, kijiji jirani, kijana anayeswaga maksai wa kijiji. Ndoa ni baada ya kuvuna ulezi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza. Chuma cha kuita watu kazini kimegongwa alfajiri, wote shamba la kijiji. Mgongo wangu si mjamaa hata kidogo.

Jumapili, 1 Desemba

Duara zimekuwa tatu. Josefina anampaka mafuta ya nyonyo ya moto kila jioni, juu yake maji ya kitunguu. Bertilla akipita uani mbuzi wanamfuata. Nimemwambia, "Mwanangu, ukiwa na chumvi kidogo tutakula." Ameniambia, "Baba, ukinichekesha nazo zinadondoka." Alisema kwa mzaha, lakini akaupitisha mkono kichwani, akauangalia. Mkononi palikuwa na nywele.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimefanya ujinga. Rafiki yangu Adolfu, ambaye mizizi yote ya Ufipa anaijua kama anavyozijua nyumba zenye pombe, alikuja akanyoa kuzunguka zile duara, akasugua majivu yake na pilipili. Bertilla aliuma upande wa kanga yake asilie. Leo kichwa kimetoka malengelenge. Josefina alinikimbiza na mwiko mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akauliza shauri ni nini. Nikamwambia maendeleo ya akina mama.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Bertilla alikwenda na kitambaa. Kanisani wanawake wote wamejifunika, yeye ni kama wenzake. Amesema angependa Misa isiishe. Mimi hilo sijawahi kulifikiri katika maisha yangu yote.

Jumanne, 7 Januari 1975

Tumekwenda zahanati. Nesi ni Sekela, mama wa Tukuyu, mnene, mwenye sauti ya kupigia kengele. Kwanza alisema mapunye, akatoa dawa ya kupaka. Kisha akasogea dirishani, akageuza kichwa cha Bertilla kama anayechagua boga.

"Inawasha?"

"Haiwashi, sista."

"Ina magamba? Haina." Akairudisha dawa kwenye kabati. "Hii si mapunye, ningewapa mngepaka bure. Hujazaa karibuni? Hujaugua homa kali? Damu za mwezi zinakutoka nyingi?"

Nikatoka nje. Kuna maneno baba hayasikilizi. Niliporudi walikuwa wanacheka wote watatu, bila shaka juu yangu. Sekela alimpa vidonge vya kuongeza damu na karatasi ya kwenda hospitali. "Na wewe mzee, hizo pilipili zako weka kwenye mboga."

Jumatano, 22 Januari

Mvua. Mvua. Mahindi yamefika kiunoni, na Josefina anafagia nywele kitandani kwa Bertilla kabla hajaamka, asizione.

Jumatano, 12 Februari

Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima. Padri alipofika kwa Bertilla alisukuma kitambaa juu kidogo apate paji la uso. Kikaenda. Bertilla alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika paa la nyumba kwenye upepo. Padri amepaka haraka, akapita. Ni mtu mwema, japo hajui kumaliza mahubiri.

Alhamisi, 20 Februari

Hospitali. Daktari ni kijana, ana subira. Alisema haya, nami nayaandika nisije nikayasahau. Bertilla hajalogwa. Hajala kibaya. Si mafuta, si kitunguu, si dhambi. Mwili wake wenyewe umezidhania nywele ni maadui, unazifukuza.

Nikamuuliza, "Na zimehamishiwa kijiji gani, daktari? Tuzifuate kwa lori."

Alicheka, kisha akajikohoza, maana mlangoni palikuwa na watu.

Tiba alitaja. Kuna sindano ndogondogo za kuchomwa palepale penye duara, zinauma, wengine zinawasaidia. Kuna dawa za kupaka. Kuna kungoja. "Zinaweza kurudi zenyewe hata bila dawa. Zinaweza kurudi zikadondoka tena. Zinaweza zisirudi. Nikikwambia zaidi ya hapo, dada, nakudanganya."

Bertilla akauliza, "Mpaka tuvune ulezi zitakuwa zimerudi?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Sijui," akasema.

Alichomwa. Mkono aliokuwa ameushika ni wangu, na kucha zake nimekuja nazo nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi

Sindano tena. Penye duara ya kwanza kumeota manyoya kama ya kifaranga. Tumefurahi mpaka Josefina kanipikia kuku.

Jumatano, 12 Machi

Kifaranga kimekufa. Zimedondoka zile, na nyingine nyingi. Na nyusi.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda mjini, mtaa wa Majengo, kwa Lutengano, mfanyabiashara wa Mbeya, ambaye chini ya meza yake huwa kuna mambo yasiyopendwa na serikali siku hizi. Akatoa wigi ndani ya gunia la chumvi. "Mzee Zenon, ukikamatwa nalo hunijui." Nikamwambia hata sasa simjui.

Nyumbani nikalivaa mimi kwanza. Nikazunguka uani nikitikisa makalio, nikimsalimia jogoo. Bertilla alicheka akakaa chini. Kisha akalivaa yeye. Josefina akamletea kioo.

Alijitazama sana. "Huyu ni nani?" akauliza, na hakuwa anatania. Akalivua, akalikunja vizuri, akanirudishia. "Asante, baba. Beda akiligusa likitoka mkononi mwake nitafanyaje?"

Jumapili, 23 Machi

Jumapili ya Matawi. Siku mbaya, na ubaya wake nimeupika mwenyewe.

Ukoo wa akina Beda una desturi yake. Mwaka wa ndoa, Jumatatu ya Pasaka, mawifi huja kwa bibi harusi, humfungua kichwa, humsuka kwa mikono yao, huku wakiimba na kumtukana kidogo. Wakimaliza kumsuka, amekuwa mtu wao. Leo Beda alikuja kusema dada zake watafika.

Bertilla alikuwa jikoni. Alinivuta, akaninong'oneza, "Baba, wasije. Waambie naumwa." Aliling'ang'ania shati langu. Sijawahi kumwona hivyo tangu alipokuwa mdogo.

Nikatoka. Beda ameketi kwenye kigoda, kofia magotini, mtoto mwenye adabu. Nikawaza: nikisema anaumwa, watakuja kumwangalia mgonjwa. Watamshika kichwa waone kama kina moto. Basi mdomo wangu huu, ambao Josefina kila siku anasema utanizika, ukafunguka:

"Mwanangu, mawifi wasihangaike. Bertilla amenyoa. Tumefiwa."

Akasimama. "Nani, baba?"

Nikamtafuta wa kufa. Nikampata dada yangu Kristiana, maana anaishi mbali, bondeni, karibu na ziwa, na hajapanda huku miaka mingi. "Shangazi yake Kristiana," nikasema. "Wamekwisha kuzika hukohuko."

Beda akavua hata kandambili, akaniinamia, akanipa pole kwa mikono miwili. Alipoondoka nikaona nimefanya kazi nzuri. Kichwa kilichonyolewa kwa msiba hakiulizwi. Nikageuka kumwambia Josefina ujanja wangu.

"Umemuua dada yako kwa mdomo," akasema. Hakuchukua mwiko.

Nywele zilizobaki Josefina alizinyoa leo hiihii, maana tulikuwa tumekwisha kusema. Bertilla aliinamisha kichwa chini ya wembe. Akaniuliza tu, "Shangazi anapenda ugali wa ulezi, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Alipenda," akasema yeye. Ndipo nikajua amekubali kuuishi uongo wangu.

Jumatano, 26 Machi

Sikujua kwamba watu wema wakisikia umefiwa, huja.

Walikuja kutoka Pito kwa miguu, kwenye mvua, na debe la ulezi, na kuku wawili, na kuni kichwani. Mbele yao Dominika, mama yake Beda. Alianza kulia kabla hajafika kwenye boma. Analia kwelikweli, anaita, "Dada, dada yangu, umeniacha na nani." Kumbe dada yake mwenyewe alifariki mwaka jana wakati wa kuhamia vijijini, na kwa vurugu za kuhama hakupata kumlilia. Amekuja kumlilia kwangu.

Na mimi nimeketi kwenye mkeka, nimejifunga shuka, nafanya uso. Nimecheza mizaha mingi duniani. Nilimweka chura kwenye kofia ya katekista. Sijawahi kukaa ndani ya mzaha wangu mwenyewe nikatafuta mlango nikaukosa.

Dominika alimkumbatia Bertilla, akampapasa kichwa kile kama anavyopapaswa mtoto mchanga. Kisha akamwinua kidevu.

"Kwenu msiba unanyoa mpaka nyusi?"

Bertilla alinitazama. Josefina alinitazama. Nikasema, "Ukoo wetu tuna huzuni nyingi, mama."

Akaitika polepole. Akasema wao watangoja. Nywele za msiba zikiota, mawifi watakuja kumsuka, hata iwe wakati wa mavuno. Akafunika debe la ulezi kwa kanga yake, akaiacha hapo pamoja na ulezi.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Bwana amefufuka. Dada yangu bado.

Jumatano, 16 Aprili

Daktari amemchoma tena. Amesema tusirudi mpaka baada ya miezi kadhaa, kichwa kipumzike. Bertilla amemwuliza kama kuna dawa ya kuharakisha. Amesema kama ingekuwapo angekuwa nayo. Mvua inapungua.

Jumapili, 4 Mei

Ulezi unapiga rangi. Dominika ameuliza baada ya Misa, kwa sauti ya upole, nywele za msiba zimefika wapi. Nikasema zinakuja, kwetu baridi. Amesema kwao Pito pia ni baridi.

Ijumaa, 16 Mei

Tunavuna. Bertilla anakata masuke haraka kuliko wavulana. Kitambaa amekifunga kwa pini.

Jumanne, 3 Juni

Kristiana amefufuka.

Alisikia kwa wauza samaki kwamba binti ya kaka yake anaolewa Pito, hakusikia zaidi. Amepanda mlima wote ule, mzee wa watu, na kikapu cha kambale wakavu. Alipofika Pito miguu ikakataa, akauliza nyumba ya wakwe ni ipi, akaingia kupumzika. Akaketi, akapewa maji, akasema kwa furaha, "Mimi ni Kristiana, shangazi wa bibi harusi."

Ameniambia walivyonyamaza. Anasema mama mmoja aliinuka, akamgusa mkono, akambana ngozi aone kama ni mtu. Hawakumtukana. Walimsindikiza mpaka njia panda, wakambebea kikapu.

"Zenon," ameniuliza, "nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Nikamwambia ukweli wote. Alivyo, nilidhani atanitukana, maana utundu wetu tuliunyonya pamoja. Alikwenda kwa Bertilla, akamfungua kitambaa mwenyewe, akaweka shavu lake juu ya kile kichwa, akakaa hivyo. Mimi nikaenda kuwaangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda Pito na beberu. Dominika amenipokea vizuri, nikawekewa kigoda, nikapewa togwa. Nikasema yote. Nikapiga magoti, mimi ambaye hata kwenye Misa nasingizia goti.

"Mzee Zenon, inuka," akasema. "Kichwa cha mtoto wako nilikiona siku ileile. Msiba haunyoi nyusi. Nikasema moyoni, ni ugonjwa, wanaona haya, watatuambia. Upara haunizuii kupata mkwe. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na mguu mmoja, na alizaa watu."

"Basi nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini dada yangu nilimlilia kwenye mkeka wako. Machozi yale nilikuwa nayo mwaka mzima, sina mengine. Nimeyamwaga kwenye mchezo wa mtu." Akaangalia uani. "Nyumba yako siwezi kuingia tena. Nikiingia nitausikia ule mkeka. Hatuna ugomvi. Rudi na mbuzi wako."

Beberu alirudi akiwa anakula majani njiani, hajui alikuwa afe.

Jumapili, 8 Juni

Beda amekuja. Amekataa kuketi. Bertilla akatoka nje kichwa wazi, mara ya kwanza mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Upepo ulikuwa mwingi, nikataka kumwambia ajifunike baridi, nikajizuia.

"Mimi nilijua," Beda akasema. "Tangu Desemba. Uliinama kisimani, kitambaa kikateleza."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilingoja uniambie."

"Na mimi nilijua ukiona utakimbia."

"Nimekimbia?"

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na mlango kama gogo. Nikasema, "Beda, mwanangu, kosa ni langu, mtoto hana—"

"Baba," Beda akasema, bila hasira, "najua ni la nani." Akamgeukia yeye. "Mama hawezi kuingia hapa. Nami siwezi kuoa nyumba asiyoingia mama yangu. Nimejaribu siku zote hizi, Bertilla. Nimejaribu."

"Nimesikia."

"Sema neno."

"Nenda, Beda. Ng'ombe wanakungoja."

Akaenda. Bertilla alisimama mpaka alipopotea kwenye mashina ya mahindi. Kisha akaingia ndani kupepeta ulezi. Ulezi uleule tuliosema tukiuvuna tunafanya ndoa. Alipepeta mpaka jua likazama, na makapi yakamfunika kichwa chote.

Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu. Ngoma, hotuba. Sikwenda.

Jumapili, 13 Julai

Padri amesoma matangazo ya ndoa. Beda na msichana wa kulekule Pito. Kanisa lote lilijizuia kutazama nyuma, na hivyo kila mtu akajua tulipoketi. Bertilla aliimba nyimbo zote, hadi ya mwisho.

Jumamosi, 2 Agosti

Baridi na moshi, watu wanachoma nyika. Nimemtania Josefina juu ya soksi zake. Amenijibu vizuri. Hiyo ndiyo inayoniogopesha, zamani angenijibu vibaya.

Jumapili, 24 Agosti

Asubuhi Bertilla aliniita nyuma ya nyumba penye jua. "Baba, tazama."

Kichwa kizima kimeota. Fupi, laini, zimejaa kuanzia paji mpaka kisogoni, na zote nyeupe. Nyeupe kabisa, kuliko zangu. Miaka ishirini na kichwa cha bibi yake. Nikaweka kiganja juu. Nilikuwa nimeomba hizi nywele kwa watakatifu wote, hata wale nisiowapenda.

Nikavaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Pito. Kuwaambia."

"Kuwaambia nini, baba? Ndoa ilikuwa jana."

Nikabaki na mkono mmoja ndani ya koti. Mdomo wangu ulitafuta kitu cha kusema, cha kuchekesha au cha maana, chochote.

Akaketi kwenye jiwe la kusagia, akanipa wembe wa mama yake. "Ninyoe."

"Mwanangu, ndiyo kwanza zimerudi. Daktari alisema zinaweza kugeuka nyeusi tena. Ngoja."

"Alisema pia zinaweza kudondoka tena. Baba, siwezi tena kuamka nikitafuta nywele kwenye mto. Zikidondoka, nimeachwa mara ya pili. Nikizinyoa mwenyewe, hazijadondoka."

"Muite mama yako."

"Mama atalia. Wewe ninyoe."

Nikamwagia maji. Nikaanza juu ya sikio la kushoto, maana ndipo nilipokuwa napajua. Zilikuwa laini mno, wembe haukutoa hata sauti. Bertilla alifumba macho, jua likimpiga usoni. Katikati ya kazi aliniambia niinue mkono kidogo, naukandamiza wembe. Nikainua.

Nilipomaliza alijipangusa, akaninyoosha kola ya koti, akaenda kuwasha moto wa chai. Nywele zilikuwa kwenye kanga miguuni pangu. Sikujua kama huchomwa au hufukiwa, na sikutaka kumuuliza mtu. Nikakaa nazo hadi chai ikaiva.